Buti za Shemasi

Delphia Ledbetter aliendesha basi la shule katika bonde letu la Caney tangu ujana mpaka alipostaafu, na sijawahi kukutana na mtoto aliyempenda. Walimwita Breki, kwa sababu aliyepiga kelele kule nyuma alishtukia basi limesimama ghafla na pua yake iko kwenye kiti cha mbele. Mume aliwahi kuwa naye. Akaaga kwamba anakwenda kutafuta kazi Alabama, na kazi hiyo nadhani anaitafuta mpaka leo. Mimi nakaa ng'ambo ya barabara. Dirisha la jiko langu linatazama banda lake, na simwombi mtu radhi kwa kutazama.

Mwanamke huyu mkavu alikuwa na udhaifu mmoja tu, farasi. Kwetu Tenesii ya kati farasi wa maana ni yule wa mwendo. Hakimbii. Anatembea, lakini anatembea akitupa miguu ya mbele juu hadi usawa wa kifua huku matako yameshuka, kinanda kinapigwa, taa zinawaka, na watu wazima wenye akili zao wanasimama juu ya viti wakipiga mayowe. Jinsi mwendo ule unavyopatikana kila mtu kwetu anajua, na hakuna anayeuzungumzia mezani. Farasi hupakwa dawa ya kuunguza pale juu ya kwato, akafungwa plastiki dawa iingie vizuri, kisha cheni ikavishwa papo hapo penye kidonda, na chini zikaongezwa pedi nene za kumwinua. Kila akikanyaga, cheni inagonga kidonda, naye anaurusha mguu juu. Sheria ilikataza zamani sana. Sheria na sisi tumezoeana.

Kila Agosti, siku za mashindano, Delphia alikuwa viti vya juu kabisa na mkate wake wa nyama ya nguruwe uliofungwa kwenye karatasi. Chini, mlangoni mwa uwanja, alisimama mdogo wake Burl, mfanyakazi wa banda la mfunza farasi mmoja mkubwa, akishika kamba za farasi wa watu. Hakumwingiza dada yake mle mabandani hata siku moja.

"Wewe kaa huko huko juu, dada," alikuwa akimwambia. "Huku chini ni mavi matupu. Na farasi wakikuona hiyo sura watadhani basi la shule limekuja kuwachukua."

Akacheka, na waliokuwa karibu wakacheka. Mimi pia nilicheka, maana ilichekesha.

Basi farasi mmoja wa pale, mweusi tii mwenye doa jeupe shingoni kama kola ya mtu wa kanisa, ndiyo maana wakamwita Shemasi, alishinda mashindano mengi halafu kwato zikamkatalia. Ukuta wa kwato ulikuwa umetobolewa na misumari mpaka ukawa unabomoka vipande vipande. Burl akataja kwenye chakula cha Jumapili kwamba lori la machinjioni linakuja kumchukua, akataja kama mtu anayetaja hali ya hewa. Delphia aliweka uma chini, akaenda kuazima trela la kubebea farasi la mjomba, na jioni ile ile Shemasi akawa kwenye banda lake. Nilimwona akimtazama juu ya ubao wa mlango bila kumgusa, mikono nyuma, kama mtoto aliyeonywa asishike vyombo vya wageni.

Daktari wa mifugo, binti mmoja anaitwa Kimbrough, alimkagua akasimama akapangusa mikono.

"Bibi Delphia, sitakuficha. Nyayo zake ni nyembamba, nikibonyeza kwa kidole gumba zinabonyea. Kiatu cha chuma hakiwezi kushika tena. Sasa hivi udongo ni laini, anavumilia. Ardhi ikiganda, kila hatua kwake itakuwa mateso."

"Kwa hiyo?"

"Kuna buti. Za raba, zinafungwa kwa mkanda. Avae buti kabla ya baridi kali, au mimi nije na sindano ya kumlaza moja kwa moja. Hapo katikati hakuna kitu."

Buti zikaletwa, za miguu ya mbele. Raba nene nyeusi, ukiziona utadhani ndoo za kuchezea mchanga, na juu yake mkanda wa kunata unaozunguka mguu pale juu ya kwato. Pale pale palipokuwa na cheni. Delphia aliinama, akashika mguu, akabandua mkanda, ukalia kraaa. Nilichoona mimi ni ubao wa banda ukiruka nje na Delphia akitoka kwa magoti, kidole chake cha katikati kinatazama upande ambao kidole hakipaswi kutazama.

"Naona amefurahia viatu," nikamwambia nikiwa bado na bakuli la maharage mkononi.

"Nadine, nenda kachemshe maharage yako."

"Delphia, huyo mnyama ana akili. Hata mimi ungenivalisha hizo ndoo ningekupiga teke."

"Wewe ungenipiga teke hata bila ndoo. Nenda zako."

Lakini hakuacha. Na hapa nitamsifu, kwa sababu baadaye sitapata nafasi. Alianza kumlisha ndani ya buti, shayiri iliyochanganywa na molasi, mpaka Shemasi akawa akiiona buti anakoroma kwa hamu. Akampa peremende za mnanaa mkononi, moja baada ya nyingine. Akampapasa bega kwa taulo, kesho yake goti, siku nyingine chini ya goti. Daktari alikuwa amemwambia jambo moja: akiuvuta mguu, mwachie papo hapo, ndipo atakapojua kwamba unasikia. Delphia alimwachia. Farasi akiuvuta mguu, anamwachia, na farasi anageuza kichwa kumtazama kana kwamba hakuamini, naye anamwambia, "Haya baba, nimesikia, nimesikia." Alisema hivyo kwa sauti ambayo watoto wa lile basi hawakuwahi kubahatika kuisikia. Shemasi akaanza kulia kwa furaha akisikia mlango wa nyuma wa nyumba ukifunguliwa. Mpaka matunda ya mijozi yameanguka na majani yameisha, alikuwa anasimama ndani ya buti zote mbili akila, mikanda ikiwa wazi. Kufungwa mikanda tu ndiko alikokuwa bado hajakubali.

Halafu baridi ikaja mapema. Asubuhi moja nyasi zilikuwa nyeupe, na Shemasi alitoka bandani akitembea kama bibi kizee anayevuka kokoto peku. Alifika nusu ya ua akagoma, akatetemeka. Daktari alipigiwa simu akasema atangoja siku chache zaidi na sindano yake, ila siku hizo si nyingi. Delphia alikaa kwenye ngazi za nyuma. Kisha akampigia mdogo wake.

Burl wakati huo alikuwa ameachishwa kazi. Mapafu yalikuwa yamekwisha, kwa sigara na kwa zile dawa za kuunguza farasi alizochanganya maisha yake yote kwenye chumba kisicho na dirisha. Alikuwa akikohoa kikohozi kirefu cha majimaji na kuishi peke yake ndani ya nyumba ya trela nyuma ya kiwanda cha mbao. Alifika na gari lake bovu, akaegemea mlango wa banda, akamwona dada yake ameshika buti yenye shayiri.

"Bado unamlisha kwenye kiatu?" akauliza. "Ukimaliza utamfunga na kitambaa shingoni asijichafue?"

"Burl, kama umekuja kunicheka, barabara unaijua."

"Nimekuja kula pai, dada. Kucheka nilicheka njiani." Akatema tumbaku. "Shika kamba. Ilegeze. Usimsemeshe."

Akasimama mbele ya farasi. Akanyoosha mabega, akawa kama mtu aliyevaa sare. Akasafisha koo mara moja, kavu, "Ehm!"

Kichwa cha Shemasi kiliinuka kikakaa. Miguu minne ikajipanga sawasawa chini yake. Alikuwa anatafuna peremende, akaacha, na mate yakaanza kudondoka yenyewe. Burl akashusha mkono begani, gotini, mpaka pale juu ya kwato, akaweka vidole gumba viwili nyuma ya mguu, akabonyeza kwa nguvu. Hakuna kilichotikisika. Sikio halikutikisika. Nilikuwa nimekuja kuomba mayai, nikabaki nimesimama na kikapu.

"Leta buti."

Mkanda ukalia kraaa. Shemasi akatazama ukuta. Mguu wa kulia, kraaa. Zote mbili zikafungwa kabla ya mimi kukumbuka kilichonileta.

Delphia aliangua kilio. Sikujua kama anajua kulia. "Umefanyaje? Mimi nimehangaika na huyu tangu Septemba! Umefanyaje?"

"Huyu kasoma, dada," akasema Burl. "Wewe ulikuwa unamrudisha chekechea."

Akamfundisha pale pale, kusafisha koo, kushusha mkono, kubonyeza. Delphia akajaribu, "Ehm!", na Shemasi akajipanga. Burl akala pai ya viazi vitamu mpaka akapewa nyingine ya kwenda nayo.

Tangu hapo kila asubuhi nilisikia ile "Ehm!" ikivuka barabara. Mwanzoni Delphia alikuwa akizivua buti jioni, kama daktari alivyomwagiza. Kisha tope likaanza kugandia kwenye mikanda, kidole chake kilichovunjika kikawa kinauma kwa baridi, naye akaona hakuna haja ya kumsumbua mnyama kila siku. Akawa anaziacha miguuni, na asubuhi anabonyeza pale juu ya mkanda kwa vidole gumba, pande zote, kama alivyofundishwa.

"Si uzivue uone?" nilimwuliza siku moja.

"Nione nini? Nikibonyeza hasemi kitu. Huyu akiumia anasema, Nadine. Si ndiye aliyenivunja kidole?"

Nilichoona ni kwamba peremende zilikuwa zimelala chini kwenye majani makavu, nyingi, zimeloa. Nikamwuliza mbona hali tena mkononi mwake, na mbona mlango wa nyuma ukifunguliwa hatusikii sauti yake.

"Amekua," Delphia akasema. "Na wewe unasumbuliwa na wivu."

Ardhi ikaganda, ikawa ngumu kama sakafu. Shemasi alitoka na buti zake akatembea juu yake bila kusita, na Delphia juu ya mgongo wake, kofia ya sufu imevutwa hadi masikioni. Wakaenda mpaka kanisani na kurudi. Kesho yake wakaenda mbali zaidi. Nilikuwa nakaanga nyama siku nilipomsikia anapiga kelele barabarani.

"Nadine! Nadine, toka nje! Toka uone!"

Nilitoka na mwiko mkononi. Shemasi alikuwa anakuja katikati ya barabara akitupa miguu ya mbele juu, juu kabisa, huku matako yameshuka, shingo imepinda. Ule mwendo wenyewe, bila pedi wala cheni, tena kwa farasi mzee mwenye kwato mbovu. Delphia usoni alikuwa msichana wa miaka kumi na tano.

"Umerudi!" alikuwa anapiga mayowe huku machozi yanamtoka. "Mwendo wake umerudi! Anafurahi, Nadine, unaona anavyofurahi?"

Magari yalisimama. Mwenye duka la vyakula vya mifugo alishuka, akavua kofia, akaishika kifuani. Watu wakapiga honi. Nami nilipunga mwiko, maana mwendo ule ukiuona umeuona, na macho yetu yamelelewa nao tangu tunanyonya.

Wiki ya Krismasi mji wetu hufanya gwaride, na mwaka ule Delphia Ledbetter, aliyezeeka viti vya juu, alipita katikati ya barabara kuu juu ya Shemasi na utepe mwekundu kwenye shingo ya farasi. Waliowahi kuwa watoto wa basi lake, sasa na watoto wao mabegani, walisimama wakashangilia. "Breki! Breki!" wakapiga kelele, na mara hii kwa mapenzi. Yeye alipunga mkono kwa watu wote. Alikuwa mzuri, nasema kweli. Burl alikuwa amesimama nje ya duka la dawa. Yeye hakupiga makofi. Alitazama miguu ikipita, akatema, akaingia garini akaondoka.

Daktari Kimbrough alikuja baada ya sikukuu kuangalia buti zimefanya kazi gani. Aliinama, akanusa kabla hata hajashika. Akabandua mkanda wa kwanza. Harufu ilinifikia mlangoni, nikaweka kitambaa puani. Mchanga na barafu vilikuwa vimeingia chini ya mkanda vikakaa, vikasaga lile kovu la zamani, vikapita ngozi, vikapita nyama, na usaha ulikuwa unatoka kwenye kiungo chenyewe. Mguu wa pili ulikuwa hivyo hivyo. Daktari alibonyeza pembeni ya kidonda kidogo tu, akamtazama farasi usoni. Akabonyeza tena kwa nguvu. Shemasi alikuwa anatazama ukuta.

"Huyu yuko kwenye maumivu makali sana," akasema taratibu, "na hajatikisa hata sikio. Nani amemfanya hivi?"

"Amekubali," Delphia akasema. "Alikuwa amekubali. Mwendo wake ulirudi, kila mtu aliona..."

Hakumaliza. Nilimwona akilifikia mwenyewe lile ambalo kwetu halizungumzwi mezani, kwamba mwendo ule huletwa na kidonda. Aliweka mkono kwenye ubao, akakaa chini kwenye majani, kwenye peremende zake.

Daktari alisema viungo vimeoza, hakuna la kufanya, akaenda garini kutayarisha sindano. Delphia alimpigia Burl simu moja fupi, naye akaja. Akasimama mlangoni.

"Akishtuka mlikuwa mnamfanya nini?" Delphia akauliza bila kumtazama.

"Dada, achana na hayo."

"Nimekuuliza."

Burl akapangusa mdomo. "Mtu mmoja anajifanya mkaguzi wa mashindano. Anasafisha koo, anabonyeza penye kidonda. Farasi akitikisika hata kidogo, mtu wa pili anampiga. Kwa mpini, kwa umeme, kwa chochote kilichopo. Tena na tena. Mpaka anajua kwamba kukaa kimya ndiko kunakouma kidogo. Siku ya mkaguzi wa kweli, anasimama kimya, anapitishwa."

"Na wewe ulikuwa yupi?"

"Wote wawili. Tulikuwa tunapokezana."

"Siku ya gwaride ulijua?"

"Nilijua alipofika duka la dawa."

"Mbona hukusema?"

Burl alitazama kofia yake. "Ulikuwa unacheka, dada. Sijakuona unacheka hivyo tangu mama yuko hai."

Delphia aliinuka. Alimfungua Shemasi kamba, akaitupa, akamshika shingo kwa mikono miwili akaanza kumsemesha kwa ile sauti ya siku za peremende. "Vuta mguu, baba. Nipige teke. Nimesikia, vuta tu, nimesikia." Alisema hivyo kwa muda mrefu. Daktari alikuwa amerudi, akangoja. Na kidogo kidogo kichwa cha farasi kikashuka, kikashuka, mpaka paji lake likamgusa Delphia kifuani, na mguu mmoja wa mbele ukainuka kidogo kutoka chini, ukitetemeka. Alikuwa anauvuta. Kwa mara ya kwanza tangu Burl aje, alikuwa anasema.

Hapo ndipo Burl alipokohoa. Sidhani kama alikusudia. Ilikuwa ile baridi na yale mapafu, na kikohozi kilianza kwa kusafisha koo.

Kichwa kikainuka. Mguu ukarudi chini. Miguu minne ikajipanga sawasawa, na Shemasi akatazama ukuta, akapokea sindano hivyo hivyo amesimama kwa ukaguzi, mpaka magoti yalipokatika.

Februari Burl hakuweza tena kupasha joto ile trela wala kupanda ngazi zake. Delphia akamchukua akaja kukaa naye. Kanisani walimsifu sana. Mchungaji alimtaja kwenye mahubiri, kwamba msamaha ndio huo, na akina mama wakampelekea vyakula vya kuoka mpaka akakosa pa kuviweka.

Mimi nilipeleka supu ya maharage. Nilimkuta Burl kwenye kiti karibu na jiko la kuni, amevimba miguu, pumzi inapita kwake kama inapita kwenye majani ya mahindi. Kwenye dirisha, buti mbili za raba, zimeoshwa. Tulizungumza habari za mvua. Kisha uso wa Burl ukakunjamana, akashika kifua, akaanza kuguna, "Dada... dada, hapa, panachoma..."

Delphia alikuwa anaosha vyombo, ametupa mgongo. Hakugeuka. Akasafisha koo mara moja, kavu.

"Ehm!"

Burl alinyooka. Miguu yake iliyovimba ikakaa pamoja sakafuni, mikono ikaenda magotini, mdomo ukafungwa. Machozi yalikuwa yanamshuka yenyewe, naye anatazama ukuta.

"Siku ya kwanza nilimwambia," Delphia akanieleza huku anapangusa sahani. "Atakayelia humu ndani anarudi kwenye trela. Ameelewa upesi. Yeye kasoma." Akatundika kitambaa vizuri kwenye msumari wake. "Kahawa, Nadine?"

Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama natia sukari.